Kuchagua Rangi ya Miimo, Vizingiti na Madirisha ya Ndani
Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wenye nyumba, wapangaji na mafundi wa Kibera na Kawangware

Mimi si fundi wa rangi. Kazi yangu ni kutafsiri maandishi, yaani kuyatoa maneno katika Kiingereza na kuyatia katika Kiswahili, na kwa kazi hiyo mtu hapati vumbi lolote mikononi mwake ila lile la karatasi. Lakini mara nyingi jirani zangu huniletea kopo la rangi, wakanigeuzia upande wenye herufi ndogo, wakaniuliza, "Bwana, hapa pamesema nini?" Katika kuwajibu hao nimejifunza mambo kidogo. Mengine nimejifunza kwa kuharibu mlango wangu mwenyewe.

Sitasema juu ya kuta. Kuta zina rangi yake na taabu yake, na makosa ya ukutani jicho huyasamehe. Nataka kusema juu ya mbao za ndani ya nyumba: miimo miwili ya mlango na kizingiti chake cha juu, fremu ya dirisha, na ule ubao mwembamba uendao chini ya ukuta kuukinga na ufagio na maji ya kupigia deki, ambao mafundi huuita sketingi. Mbao hizi hushikwa kila siku. Mtoto anapojifunza kusimama hushika mwimo, na mgeni akingoja kukaribishwa huuegemea. Hapo rangi mbaya hujionyesha mara moja: michirizi ya brashi kama matuta ya shamba, matone yaliyoganda kama machozi, na vumbi la barabarani lililonaswa kabla rangi haijakauka.

Kibera na Kawangware hazina shida moja. Katika Kibera, hasa upande wa Makina, zingaliko nyumba za zamani za Wanubi, ambao wazee wao walikuwa askari wa King's African Rifles na wakakaa hapo tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Ni nyumba za miti na udongo chini ya mabati, na fremu zake ni za mbao nzito zilizopakwa rangi juu ya rangi, baba akipaka na mwana akipaka, mpaka pembe za ubao zikawa mviringo. Shida ya hapo ni rangi nzee iliyo chini. Katika Kawangware vyumba vingi vya mabati vimebomolewa, na mahali pake pamejengwa nyumba za ghorofa za mawe ya Ndarugo, na fremu zake ni za saiprasi iliyotoka kukatwa juzi. Shida ya hapo ni ubao mbichi. Bila shaka utapata ubao mbichi Kibera na rangi nzee Kawangware, lakini mwenye kujua ni shida gani iliyo mbele yake amekwisha kumaliza nusu ya kazi ya kuchagua.

Nianze na ubao mbichi, kwa kuwa ndio ulioniaibisha. Nilipohamia chumba changu nilitia fremu mpya, nikanunua rangi nyeupe ya kung'aa, tena ya bei kubwa, nikaipaka mwenyewe katika mvua za Aprili. Siku ya kwanza ilipendeza mno hata nikawaita watu waje kuitazama. Baada ya majuma matatu rangi iliinuka malengelenge, na kila palipokuwa na kifundo cha mti palitokea doa la rangi ya chai. Nilikwenda kwa mzee mmoja wa Kibera aliyefanya kazi ya rangi miaka mingi, nikamshtakia lile kopo.

Akaniuliza, "Ulitumia rangi gani, mwanangu?"

Nikamjibu, "Ya bei kubwa, Mzee."

Akasema, "Sikuulizi bei. Nakuuliza, ubao ulikuwa na umri gani?"

Sikuwa na jibu. Mzee akanieleza kwamba maji yaliyomo ndani ya ubao hutafuta njia ya kutoka, na yakiikuta rangi imeziba njia huisukuma. Ubao wenye unene wa inchi mbili haukauki kwa juma moja wala mawili. Yafaa upangwe ndani ya nyumba kwa muda mrefu, vijiti vikiwekwa kati ya ubao na ubao ili hewa ipite, na uuguse shavuni: ukiusikia baridi kama mtungi, bado una maji. Tena vifundo vya saiprasi na vya msonobari hutoa utomvu, na utomvu huo hupenya rangi yoyote, iwe ya mafuta au ya maji. Dawa yake ni kupaka vile vifundo shelaki iliyoyeyushwa katika spiriti, mara mbili, kabla ya rangi ya kwanza. Kichupa kidogo chatosha nyumba nzima. Nami kwa kukosa kichupa hicho nililazimika kukwangua fremu yote na kuanza upya mwezi wa Januari.

Sasa nije kwenye makopo yenyewe. Ukiingia dukani utaona maneno mengi, lakini kwa mbao za ndani yakupasa kujua mambo mawili tu: rangi imechanganywa na nini, na inang'aa kiasi gani.

Rangi ya mafuta ndiyo tuliyoizoea. Huyeyushwa kwa tapentaini, hukauka polepole, na katika ule upole ndimo ilimo faida yake, kwa sababu michirizi ya brashi hupata nafasi ya kujilaza yenyewe kabla rangi haijashika. Mtu asiye na mkono mzuri atapata ulaini kwa rangi ya mafuta upesi kuliko kwa nyingine. Nayo ikikauka huwa ngumu, huoshwa kwa sabuni, haidhuriki upesi na mvuke wa chungu. Ubaya wake ni huu: harufu yake ni kali na hukaa siku kadhaa, mpako wa pili sharti ungoje karibu siku nzima, na ile nyeupe hugeuka manjano mahali pasipopata mwanga, kwa mfano nyuma ya kabati.

Rangi ya maji ya kupakia mbao si ile rangi ya ukutani. Narudia, kwa kuwa hapa wengi hupoteza fedha zao: rangi ya ukutani ikipakwa juu ya mwimo hubaki laini, hushika uchafu wa mikono, na mlango ukifungwa hunata katika fremu na kuibandua. Tafuta kopo lililoandikwa kwamba ni rangi ya maji kwa mbao na chuma. Hiyo haina harufu kubwa, hubaki nyeupe, na mpako wa pili waweza kufuata baada ya saa chache. Lakini hukauka upesi mno, na katika chumba cha mabati saa saba za mchana hukauka chini ya brashi ungali ukiivuta. Mwenye kuitumia na aanze asubuhi na mapema. Kadhalika asidhani imekuwa ngumu kwa sababu haishiki kidole. Ugumu wake hasa huja baada ya majuma kadhaa, na siku za kwanza yafaa mlango usifungwe kwa nguvu.

Mtaniuliza nachagua ipi. Ikiwa watu wanalala katika chumba hicho hicho, na hasa ikiwa kuna mtoto mchanga au mtu mwenye pumu, nachagua rangi ya maji bila kufikiri mara mbili, hata kama ulaini wake utapungua kidogo. Ikiwa chumba ni kitupu kabla mpangaji hajaingia, au pana jiko na mafuta yanayorukaruka kila siku, rangi ya mafuta bado ina nafasi yake. Watu husema rangi ya maji ni rahisi kwa kuwa brashi huoshwa kwa maji. Hilo ni kweli kwa mwenye mfereji. Penye maji ya kununua kwa mtungi, hesabu na gharama hiyo pia. Tena maji hayo ya kuoshea yasimwagwe mtaroni, maana mitaro ya Kibera hushuka kwenye mto Ngong, na mto ule huenda mpaka bwawa la Nairobi. Futa brashi kwanza kwa gazeti mpaka lisitoke kitu, nawe utaiosha kwa maji kidogo sana.

Kuhusu kung'aa, iko rangi ing'aayo kama kioo, iko yenye mwanga wa kiasi kama ganda la yai, na iko isiyong'aa kabisa. Ile ya mwisho haifai kwa mbao zinazoshikwa. Ing'aayo kama kioo huongeza nuru, na katika chumba chenye dirisha moja dogo hiyo si faida ya kudharauliwa. Lakini kila kovu la msumari na kila mkwaruzo wa randa utaonekana ndani yake kama uso ndani ya maji. Kwa ubao ulionyooka na kulainishwa vema, chukua hiyo. Kwa fremu nzee yenye mashimo, chukua ile ya mwanga wa kiasi, nayo itaficha mengi. Hapa naona watu wengi hukosea kwa kupenda kung'aa mno.

Iko na rangi ya tatu, ambayo mafundi wa samani katika Barabara ya Ngong huipuliza kwa mashine juu ya vitanda na makabati. Hiyo hukauka kwa dakika chache. Usijaribu kuipaka kwa brashi, wala usichanganye thina yake na rangi ya mafuta, kwa maana thina hiyo yaweza kuifanya rangi igande, na rangi ya zamani iliyo chini itakunjamana kama ngozi ya maziwa.

Ikiwa fremu ina rangi tayari nawe hujui ni ya aina gani, chukua kitambaa cheupe chenye spiriti ya kuwashia, ukisugue mahali padogo. Rangi ikitoka na kuchafua kitambaa, ni ya maji. Isipotoka, ni ya mafuta, na hapo rangi mpya ya maji haitashika mpaka uso wote umesuguliwa kwa msasa ukafifia, kisha upakwe rangi ya kushikisha, ambayo makopo huiita praima. Bila hivyo mtoto ataibandua kwa ukucha, vipande virefu, kama ganda la ndizi.

Na kabla hujasugua ubao wa zamani, nisikilizeni vizuri kwa jambo hili.

Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi. Risasi nyeupe ilipendwa kwa kuwa ilifunika vema na ilidumu. Hatari yake haikugunduliwa jana: mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilifanya mapatano ya kukataza matumizi ya risasi nyeupe katika kupaka rangi ndani ya majengo. Hata hivyo rangi za risasi ziliendelea kuuzwa katika nchi nyingi kwa miaka mingi baadaye, na risasi ilitiwa vilevile katika rangi kali za manjano, nyekundu na kijani. Sumu hiyo ikiingia katika mwili wa mtoto hudhuru ubongo wake. Hujifunza kwa shida, hukasirika upesi, na madhara hayo hayaondoki. Wala hapana kiasi kinachojulikana kuwa hakina madhara kwa mtoto. Wakenya wanaijua risasi kwa habari ya Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kilidhuru watu, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Ile ilikuwa risasi ya betri, si ya rangi, lakini sumu ni ile ile, na mlango wa kuingilia ni ule ule: vumbi, mkono, kinywa.

Kwa hiyo fremu ya zamani isisuguliwe kwa msasa mkavu. Tumia msasa wa maji, ubao ukiwa umeloweshwa, ili vumbi lisiruke. Usiichome rangi kwa moto, maana moshi wake ni mbaya kuliko vumbi. Watoto na mama mjamzito wasiwe chumbani. Tandika nailoni chini, na ukimaliza ukunje vipande vyote ndani yake, kisha pangusa sakafu kwa kitambaa chenye maji na sabuni, usifagie. Kama rangi nzee imeshika imara, haikupasuka wala kubanduka, ni afadhali kuiacha, kuilainisha kidogo kwa msasa wa maji na kuifunika.

Na rangi mpya? Kanuni ya Kenya ni kwamba risasi isizidi sehemu 90 katika sehemu milioni. Mnunuzi hawezi kulipima hilo kwa macho, lakini aweza kutazama kopo. Pasipokuwa na jina la kiwanda, tarehe, na alama ya Shirika la Viwango la Kenya pamoja na nambari ya ruhusa chini yake, rudisha kopo. Ukiuziwa rangi iliyomiminwa katika chupa ya soda, hujui umenunua nini, hata kama bei imekupendeza.

Juu ya upakaji wenyewe sitasema mengi mbele ya mafundi. Ubao wenye moshi na mafuta ya kupikia uoshwe kwanza kwa sabuni ya unga na kusuuzwa. Mashimo yajazwe, yakikauka yasuguliwe. Msasa wa namba 120 uanze, wa 180 ufuate, na kati ya mpako na mpako upite wa 240 kwa mkono mwepesi, kisha vumbi lipanguswe kwa kitambaa chenye unyevu. Rangi ichujwe kwa soksi nyembamba ya kike, maana ngozi ndogo iliyoganda koponi huharibu mwimo mzima. Brashi ya inchi mbili yatosha. Yenye nywele za mnyama kwa rangi ya mafuta, na ya nailoni kwa rangi ya maji, kwa kuwa nywele za mnyama hunywa maji na kulegea. Chovya theluthi tu ya nywele zake. Weka rangi, isambaze, kisha vuta mara moja ya mwisho kwa ncha za nywele, toka chini hadi juu bila kusimama njiani. Ukiisha kuvuta hivyo, ondoka. Ukiona doa baada ya dakika kumi, liache, utalisugua kesho. Mkono unaorudi juu ya rangi iliyoanza kushika ndio unaoleta ile michirizi ambayo watu hulaumu kiwanda.

Rangi ikiwa nzito, iongezwe kidogo kile kilichoandikwa koponi, wala si kingine. Mafuta ya taa hufanya rangi ichelewe kukauka na kupoteza mng'ao. Petroli sitaki hata kuitaja ndani ya chumba chenye jiko. Nasema hayo kwa sababu najua mapatano ya fundi na mwenye nyumba yalivyo. Mwenye nyumba hutoa fedha za lita moja kwa kazi ya lita mbili, na fundi, ili asipoteze kibarua, huinyoosha rangi kwa mafuta ya taa. Kisha kila mmoja humwita mwenzake mwizi.

Basi na tupige hesabu. Chumba cha futi kumi kwa kumi ni karibu meta tatu kwa tatu. Miimo na kizingiti chake vina urefu wa kama meta 5 kwa jumla, na ukizunguka pande zake kama sentimeta 30, kwa hiyo ni meta moja na nusu za mraba. Dirisha dogo lihesabu meta moja. Sketingi yenye kimo cha sentimeta 10 kuzunguka chumba, ukitoa mlango, ni kama meta moja na kidogo. Jumla ni karibu meta 3.6 za mraba, na kwa mipako miwili ni 7.2. Lita moja ya rangi nzuri hufunika kama meta 10. Kwa hiyo lita moja yatosha chumba hicho na kusaza, ila mlango wenyewe, ambao kwa pande zake mbili utahitaji karibu lita nyingine. Praima ihesabiwe mbali. Mwenye nyumba na fundi wakiandika hesabu hiyo katika karatasi mbele ya macho yao wote wawili kabla ya kwenda dukani, rangi haitahitaji mafuta ya taa. Mpangaji naye, kabla hajapaka fremu isiyo yake, na aseme kwanza na mwenye nyumba kama gharama itakatwa katika kodi.

Kwa siku za kufanyia kazi, Januari na Februari ubao huwa mkavu lakini vumbi ni jingi. Nyunyiza maji nje ya mlango kabla ya kuanza. Machi hata Mei, na Oktoba hata Desemba, mvua hunyesha, na rangi ya mafuta huchelewa. Juni hata Agosti ni baridi. Paka kati ya saa nne na saa nane ili ipate joto kabla ya usiku. Dirisha liwe wazi, na jiko lisiwashwe humo mpaka harufu imekwisha.

Limebaki jambo la matambara. Kitambaa kilicholowa mafuta ya kitani, au kilichofutia rangi ya mafuta, kikifinyangwa na kutupwa pembeni pamoja na vingine, hupata joto chenyewe kwa kukauka, na joto likikosa pa kutokea chaweza kuwaka pasipo kiberiti. Katika vyumba vilivyoshikana mabati kwa mabati, mnajua moto mmoja huenda mbali kiasi gani. Vitandazwe nje kimoja kimoja mpaka vikauke kabisa, au vitiwe katika kopo lenye maji na kufunikwa.

Sasa naona baadhi yenu mmekuja na makopo yenu. Yaleteni hapa mbele penye mwanga, tuyasome.